Faili Lililofutwa Linaweza Kurejeshwa, Lakini Siku Zinahesabiwa

Daftari la karatasi si mahali pekee tena pa kutunza kumbukumbu za pamoja. Vikundi vya kuweka na kukopa, kamati za shule, vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii na ofisi za vijiji vimeanza kuhifadhi orodha za wanachama, mihtasari ya vikao na hesabu za fedha katika programu za kufanyia kazi pamoja kwa njia ya intaneti, hususan Google Drive, OneDrive na Microsoft Teams. Faida yake ni bayana. Katibu aliyeko shambani na mweka hazina aliyeko mjini hufungua waraka uleule, na kila mmoja huona marekebisho ya mwenzake papo hapo.

Hata hivyo, urahisi huo una gharama yake. Waraka unaotumiwa na watu kumi unaweza kuondolewa na mmoja wao kwa mguso mmoja wa kidole, na wenzake tisa wakagundua siku ya kikao. Kwa kikundi kinachojiandaa kugawana akiba mwishoni mwa mwaka, au kinachokusanya viambatisho vya maombi ya mkopo wa asilimia kumi ambao Halmashauri hutoa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kukosekana kwa orodha ya hisa au muhtasari wa kikao huchelewesha fedha. Baya zaidi, huzua shaka baina ya wanachama. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mtandaoni halikuachwa nje ya usemi huo.

Jambo la kutia moyo ni kwamba katika programu hizi kufuta si kuangamiza mara moja. Faili hupewa muda wa kusubiri, na ndani ya muda huo mwenye mamlaka juu yake anaweza kulirudisha likiwa kamili. Mambo matatu ndiyo yanayoamua: siku ngapi zimepita tangu lifutwe, lilikuwa katika akaunti ya nani, na nini kilifanyika baada ya hapo. Makala haya yanaeleza mambo hayo matatu, pamoja na namna ambavyo kikundi au ofisi inaweza kujikinga.

Kinachotokea faili linapofutwa

Mfano mwepesi ni ghala la ushirika. Mtunza ghala akichora mstari juu ya jina la mkulima katika leja, magunia ya mkulima huyo hayatoweki hapo hapo. Bado yapo pale yalipopangwa. Kilichopotea ni maelezo ya mahali yalipo, na nafasi yake sasa inahesabiwa kuwa wazi. Magunia yataondoka pale mzigo mwingine utakapohitaji nafasi hiyo.

Ndivyo ilivyo kwa diski ya kompyuta ya kawaida, flashi na kadi ya kumbukumbu. Mfumo hufuta maelezo ya mahali faili lilipo, lakini yaliyomo hubaki mpaka yaandikwe mengine juu yake. Hii ndiyo sababu fundi mwenye programu maalumu huweza kuokoa picha kutoka katika flashi iliyofutwa, na ndiyo sababu pia hushindwa pale flashi hiyo ilipoendelea kutumika. Simu janja na kompyuta nyingi za kisasa zina utaratibu wa kusafisha zenyewe nafasi iliyoachwa wazi, kwa hiyo uwezekano wa kuokoa kitu ndani yake kwa njia hiyo ni mdogo zaidi.

Hifadhi ya mtandaoni ni jambo jingine. Humo yaliyomo hayako katika simu ya mwanakikundi, bali katika seva za kampuni inayotoa huduma. Hakuna programu ya kununua mtaani inayoweza kuingia katika seva hizo na kupekua. Njia iliyopo ni ile ambayo kampuni yenyewe imeiweka, nayo ni pipa la taka. Wazo la pipa si geni. Kompyuta ya Lisa ya kampuni ya Apple ilikuwa nalo mwaka 1983, na Windows 95 ikalizoesha kwa watumiaji wengi duniani. Faili linalofutwa hutolewa mezani na kuwekwa kando, likimsubiri mwenyewe abadili mawazo.

Hatua za kwanza, kabla ya kutafuta mchawi

Faili linapokosekana, mara nyingi jambo la kwanza kufanyika ni kulaumiana. Inashauriwa lifanyike jambo jingine kwanza, nalo ni kutulia na kufuata mpangilio ufuatao.

Kwanza, kazi nyingine katika folda husika isimamishwe. Mtu asimwage pipa la taka kwa nia ya kusafisha, asihamishe folda, wala asianzishe faili jipya lenye jina lilelile, kwani wanachama watachanganya la zamani na jipya.

Pili, faili litafutwe kwa jina au kwa neno lililomo ndani yake, katika kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya programu. Si kila faili lisiloonekana limefutwa. Baadhi yamehamishiwa folda nyingine, mengine yamebadilishwa jina, na mengine yapo salama ila mtafutaji amefungua akaunti nyingine. Simu moja yenye akaunti mbili za barua pepe, ya mwenyewe na ya kikundi, ni chanzo cha kawaida cha hofu ya aina hii.

Tatu, ijulikane nani mmiliki wa faili, yaani ni akaunti ya nani iliyolianzisha au kulipandisha mtandaoni. Katika hali nyingi huyo ndiye mwenye ufunguo.

Nne, iandikwe tarehe ambayo faili lilionekana kwa mara ya mwisho. Tarehe hiyo ndiyo itakayoonyesha siku zilizobaki.

Pipa la taka na siku zake

Katika Google Drive, faili lililofutwa hukaa katika pipa siku 30. Zamani lilikaa humo bila kikomo mpaka mwenyewe alimwage, lakini tangu tarehe 13 Oktoba 2020 mfumo huliondoa wenyewe siku hizo zikitimia. Wapo watumiaji wanaoendelea kuliamini pipa kana kwamba ni kabati, nao hushtuka kulikuta tupu.

Ili kurejesha, mmiliki hufungua Drive, huchagua alama ya pipa iliyo katika orodha ya pembeni, hulitafuta faili, kisha hubonyeza na kushikilia jina lake au kufungua alama ya nukta tatu. Kitufe cha kurejesha huandikwa "Rejesha" au "Restore" kutegemea lugha ya simu. Faili hurudi mahali lilipokuwa. Kama folda yake nayo ilifutwa, ni vyema kuirejesha folda nzima, kwa kuwa yaliyomo hurudi pamoja nayo.

OneDrive ya mtu binafsi nayo hutoa siku 30. Akaunti za kiofisi za Microsoft, zinazotumia OneDrive na SharePoint za taasisi, hutoa siku 93. Siku hizo zinajumuisha mapipa mawili. Faili likiondolewa katika pipa la kwanza huingia katika pipa la pili, ambalo hufunguliwa na msimamizi wa eneo hilo la kazi. Siku 93 huhesabiwa tangu faili lilipofutwa mara ya kwanza, wala hazianzi upya linapoingia pipa la pili.

Mfano utasaidia kuonyesha uzito wa hesabu hizi. Katibu wa kikundi akifuta orodha ya hisa tarehe 3 Machi katika akaunti yake ya kawaida ya Google, nafasi yake ya kuirejesha inakwisha tarehe 2 Aprili. Kama orodha hiyo ingekuwa katika SharePoint ya taasisi, nafasi ingeendelea hadi tarehe 4 Juni. Kikundi kinachokutana mara moja kwa mwezi kinaweza kumaliza siku 30 kabla hata kikao cha pili hakijafika. Kwa hiyo ukaguzi wa faili haupaswi kusubiri kikao.

Lipo jambo jingine linalowapoteza watu. Katika akaunti ya bure ya Google, barua pepe, picha na mafaili ya Drive hugawana nafasi moja ya gigabaiti 15, na vitu vilivyomo katika pipa bado huhesabiwa humo. Nafasi ikijaa na barua pepe zikikoma kuingia, mtumiaji hushauriwa kumwaga pipa. Kabla ya kufanya hivyo, ni lazima apitie orodha yake jina kwa jina. Kumwaga pipa ni kufuta kwa mara ya pili, na kwa mwenye akaunti ya kawaida kufuta huko hakuna kurudi kwa mkono wake mwenyewe.

Nani mwenye uwezo wa kurejesha

Swali hili ndilo linalochanganya wengi, kwa sababu "kushirikishwa" faili si sawa na kulimiliki.

Katika Google Drive ya kawaida, aliyepewa ruhusa ya kuhariri faili la mwingine akiliondoa katika orodha yake, ameliondoa machoni pake tu. Mmiliki na wengine bado wanalo. Mmiliki akilifuta, faili linaingia katika pipa lake yeye, na wengine hawawezi kulirejesha kwa niaba yake. Hata akiwa na nia njema, akiwa safarini au simu yake imezimika, siku zinaendelea kuhesabiwa. Kwa kawaida wale walioshirikishwa huendelea kuweza kulifungua kwa kiungo walichonacho mpaka litakapoondolewa kabisa. Hivyo mwanachama mwenye kiungo anashauriwa kukijaribu mara moja, na faili likifunguka, atengeneze nakala.

Inaweza kutokea pia kwamba mwenye ruhusa ya kuhariri folda aliondoa humo faili ambalo mmiliki wake ni mtu mwingine. Faili la namna hiyo halimo katika pipa la aliyeliondoa. Liko kwa mmiliki, likiwa halina folda inayojulikana, na huonekana akilitafuta kwa jina.

Taasisi zilizolipia huduma ya Google Workspace zina hifadhi za pamoja, ambazo mafaili yake humilikiwa na taasisi, si mtu. Mtumishi akihama, faili halihami naye. Akaunti za bure hazina hifadhi za aina hiyo.

Katika Microsoft Teams, mahali faili lilipotumwa ndipo panapoamua. Faili lililowekwa katika chaneli ya timu hutunzwa katika SharePoint ya timu hiyo, na pipa lake ni la timu. Faili lililotumwa katika mazungumzo ya watu wawili au watatu hutunzwa katika OneDrive ya aliyelituma. Mtendaji anayelitafuta katika pipa la timu faili ambalo mwenzake alilituma kwa mazungumzo binafsi atatafuta bure. Amwombe mtumaji afungue OneDrive yake.

Mtumishi anapoacha kazi, muda ni mfupi kuliko wengi wanavyodhani. Katika Google Workspace, akaunti iliyofutwa na msimamizi huweza kurudishwa ndani ya siku 20. Katika huduma ya Microsoft 365, muda huo ni siku 30. Makabidhiano ya ofisi yanapaswa kuhusisha mafaili kama yanavyohusisha funguo na mihuri.

Faili lipo, lakini maandishi yamefutwa

Wakati mwingine faili halijaguswa pipani. Liko mahali pake, ila safu ya michango imefutwa, au takwimu za miezi mitatu zimefunikwa na nyingine. Hapa pipa halisaidii. Dawa yake ni historia ya matoleo.

Programu hizi hutunza hatua za waraka kila unapobadilishwa. Mwenye ruhusa ya kuhariri akifungua waraka wa Google kwa kompyuta na kuchagua historia ya matoleo katika menyu ya faili, ataona tarehe, saa na jina la akaunti iliyofanya mabadiliko, na anaweza kurudisha toleo la kabla ya kosa. Mafaili ya Word na Excel yaliyomo katika OneDrive yana historia ya namna hiyo. Kwa akaunti ya binafsi ya Microsoft, matoleo 25 ya mwisho hupatikana. Faili la Excel au la PDF lililopandishwa katika Google Drive nalo hutunziwa matoleo yake ya zamani, lakini kwa siku 30 au hadi matoleo 100, isipokuwa mmiliki ameagiza toleo fulani litunzwe daima.

Kabla ya kurudisha toleo la zamani, inafaa kutengeneza nakala ya toleo la sasa. Huenda mwanachama mwingine aliingiza michango halali baada ya kosa kufanyika, na kurudi nyuma kutaificha kazi yake.

Historia hii ina manufaa ya pili. Huondoa ubishi. Mweka hazina anayeshukiwa kubadili takwimu husafishwa au huhojiwa kwa ushahidi wa saa na tarehe, badala ya maneno ya barazani. Hata hivyo, jina linaloonekana ni la akaunti, si la mtu. Pale ambapo wanachama watano wanatumia nywila moja, historia haiwezi kusema ni nani kati yao.

Flashi, simu na WhatsApp

Katika kompyuta yenye Windows, faili lililofutwa katika diski ya ndani huenda katika pipa la kompyuta hiyo, lakini lililofutwa katika flashi kwa kawaida haliendi huko. Flashi iliyofutwa kwa bahati mbaya inapaswa kuchomolewa na kuwekwa kando mpaka impate fundi. Kila kinachoongezwa humo kinaweza kukaa juu ya kile kinachotafutwa.

Tahadhari inahitajika pia kwa kompyuta iliyounganishwa na Drive au OneDrive. Folda inayoonekana katika kompyuta hiyo ni kivuli cha folda ya mtandaoni. Anayefuta hapo ili kupunguza mzigo wa kompyuta anafuta na kule mtandaoni, na kwa wenzake wote.

Picha za stakabadhi na hati zilizopigwa kwa simu zina pipa lake. Katika Picha za Google, picha iliyokwisha kuhifadhiwa mtandaoni hukaa pipani siku 60, na isiyohifadhiwa mtandaoni siku 30. Katika simu za iPhone, muda wa kawaida ni siku 30.

WhatsApp hutumiwa na vikundi vingi kama ofisi, lakini haikuundwa kuwa kabati la nyaraka. Haina pipa la pamoja. Mtumaji anaweza kuufuta ujumbe kwa watu wote ndani ya siku mbili na ushei, na kikundi kilichowasha ujumbe unaotoweka hupoteza mazungumzo baada ya saa 24, siku 7 au siku 90 kulingana na kilivyochagua. Hati iliyotumwa humo hupatikana tu kwa mwanachama aliyekwisha kuihifadhi au kuituma kwingine. Hivyo anayeitafuta awaulize wenzake mapema, kabla hawajasafisha simu zao.

Muda ukishapita

Siku zikiisha, bado iko milango michache ya kubisha.

Katika Google Workspace, msimamizi wa mfumo anaweza kurudisha faili ndani ya siku 25 baada ya kuondoka pipani. Kwa mfano uliotolewa hapo juu, kama orodha ingekuwa katika akaunti ya taasisi na kuondoka pipani tarehe 2 Aprili, mlango huo ungefungwa tarehe 27 Aprili. Kwa SharePoint, Microsoft hutunza nakala rudufu siku 14 baada ya zile 93, na msimamizi ndiye anayewasilisha ombi. Akaunti ya bure haina msimamizi wa taasisi wa kufanya kazi hiyo.

Mlango mwingine ni wa nakala zilizosambaa. Barua pepe zilizotumwa zikiwa na kiambatisho, simu za wanachama waliopakua waraka, na kompyuta ya duka la huduma za uchapaji ambako hati ilichapishwa, zote zinaweza kuwa na nakala. Katiba ya kikundi, muhtasari na orodha ya wanachama iliyokwisha kuwasilishwa kwa ajili ya usajili au mkopo ina nakala yake ofisini. Viongozi wa kikundi wanaweza kuandika barua kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata kuomba nakala hiyo. Hesabu za akiba huweza kujengwa upya kutoka katika vitabu vya wanachama na taarifa za benki au za fedha kwa simu. Ni kazi ya siku kadhaa, lakini hufanyika.

Wananchi wanatahadharishwa kuhusu mtu yeyote anayeahidi kurudisha faili la mtandaoni kwa malipo na kudai apewe nywila, au namba ya uthibitisho inayoingia kwa ujumbe mfupi. Faili ambalo muda wake umekwisha katika seva haliwezi kurejeshwa na fundi wa mtaani, na nywila ikishatolewa, hata yale mafaili yaliyobaki yanakuwa hatarini. Ikumbukwe pia kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kufuta au kuharibu data kwa makusudi pasipo idhini. Kiongozi aliyeondolewa madarakani hana haki ya kuondoka na kumbukumbu za kikundi, wala ya kuzifuta.

Funzo kutoka kwa kampuni ya programu

Kupoteza mafaili hakuwapati wasio na ujuzi pekee. GitLab ni kampuni inayotoa programu ya kufanyia kazi pamoja kwa waandishi wa programu za kompyuta. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wake aliyekuwa akishughulikia hitilafu alitoa amri ya kufuta data katika seva ambayo hakuikusudia. Alisitisha amri hiyo baada ya sekunde moja au mbili, lakini kati ya takriban gigabaiti 300 zilibaki 4.5 tu.

Kampuni hiyo ilikuwa na njia kadhaa za kutunza nakala rudufu. Ilipozigeukia, ilikuta baadhi hazijawahi kuwashwa na nyingine zilikuwa zimeacha kufanya kazi bila mtu kujua. Kilichoiokoa ni nakala moja ambayo mhandisi aliitengeneza saa sita kabla, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Kazi ya saa hizo sita ilipotea. Kampuni haikuficha, ilieleza hadharani kilichotokea na kuonyesha kazi ya urejeshaji moja kwa moja mtandaoni.

Kilichoshindwa hapo ni ukaguzi. Nakala zilidhaniwa zipo kwa kuwa hakuna aliyewahi kujaribu kuzifungua. Hata kikundi cha wanachama 15 kinaweza kujiuliza swali hilohilo: nakala yetu ilifunguliwa lini mara ya mwisho?

Namna ya kujikinga

Mambo yafuatayo hayahitaji fedha nyingi, ila yanahitaji utaratibu.

Akaunti iwe ya kikundi. Ifunguliwe kwa jina la kikundi, na viongozi wawili wawe na njia ya kuirejesha iwapo nywila itasahaulika. Akaunti iliyofungwa kwa namba ya simu ya katibu mmoja hupotea pamoja na laini yake, kwani namba isiyotumika huweza kugawiwa mtu mwingine.

Akaunti itumike. Google ina utaratibu wa kufuta akaunti binafsi ambazo hazijatumika kwa miaka miwili, pamoja na vyote vilivyomo. Kikundi kilichosimama kwa muda kiifungue akaunti yake mara kwa mara.

Ruhusa zigawanywe kwa mizani. Wanachama wote wanaweza kusoma, lakini wenye ruhusa ya kuhariri wawe wachache wanaojulikana, kila mmoja kwa akaunti yake. Kiungo kinachomruhusu yeyote kuhariri kisitumwe katika kundi la WhatsApp.

Nakala itolewe kila mwezi. Baada ya kikao, katibu apakue orodha ya hisa na muhtasari, aweke nakala moja katika flashi inayotunzwa na kiongozi mwingine, na nyingine ichapwe, isainiwe na kuwekwa katika jalada. Mara moja kila robo mwaka, nakala ya flashi ifunguliwe mbele ya kamati ili kuthibitisha kuwa inasomeka.

Pipa likaguliwe. Kabla ya kila kikao, mmiliki wa akaunti atazame kilichomo pipani. Ni kazi ya dakika mbili, na inaweza kufichua kosa likiwa bado lina dawa.

Nakala zisitapakae. Orodha yenye majina, namba za simu na namba za vitambulisho vya taifa ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za namna hiyo zitunzwe kwa usalama. Nakala mbili zilizofungiwa vizuri zatosha kuliko ishirini zilizozagaa katika simu.

Kwa muhtasari

Faili likikosekana, litafutwe kwanza kwa jina, kisha katika pipa la mmiliki. Siku za kukumbuka ni 30 kwa Google Drive na OneDrive ya binafsi, na 93 kwa akaunti ya kiofisi ya Microsoft. Maandishi yakiharibika ndani ya faili, historia ya matoleo ndiyo ya kufunguliwa. Pipa lisimwagwe kabla ya kukaguliwa, na nywila isitolewe kwa yeyote.

Viongozi wa vikundi wanahimizwa kuliweka suala la nakala rudufu katika ajenda za kikao kijacho, na kuandika katika muhtasari nani mmiliki wa akaunti, nani anatunza nakala na lini itakaguliwa. Kikundi ambacho nyaraka zake za mkopo zimepotea na kushindikana kurejeshwa kisisubiri tarehe ya mwisho ya kuwasilisha maombi. Kifike mapema kwa Mtendaji wa Kijiji au Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata, kikiwa na jina la waraka, tarehe ulipoonekana mara ya mwisho na jina la mwenye akaunti.